Mwaka wa Samaki wa Ndoo

Nilipofika kwenye hitma ya Mwalimu Athmani, huko Kisauni, dua ilikuwa imeshakwisha na mzee mmoja alikuwa amepewa nafasi ya kumsifu marehemu. Sisi wanawake tulikaa chumba cha ndani, lakini spika ilikuwa imetundikwa mlangoni, kwa hivyo kila neno lilitufikia. Mzee yule alisema marehemu alikaa maabara umri wake wote, na kwamba hakuna uchafu uliopita chini ya hadubini yake akauacha ufike kinywani mwa Mwislamu. Wanawake wakaitikia maashaallah. Mimi niliweka kikombe cha kahawa chini, nikamwambia binti ya marehemu kwamba kichwa kinaniuma, nikatoka. Kichwa hakikuwa kinaniuma. Nilikuwa na hasira, na nilijua nikikaa dakika mbili zaidi nitafungua mdomo mbele ya watu waliokuja kumlilia baba yao. Nimekwenda nayo nyumbani hasira ile, nimelala nayo na kuamka nayo, na leo ni siku ya tisa. Naona bora niiandike.

Sitaeleza hapa nimezaliwa na nani wala tulifikaje Mombasa. Wabajuni wengi wa rika langu, watu wa visiwa vya kusini mwa Somalia, wana hadithi hiyo hiyo ya kukimbia vita, na imeshaelezwa kwa maafisa wa kila nchi mpaka imechakaa. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliotimiza miaka ishirini na miwili, niliporudi Kismayo na cheti changu cha maabara ndani ya bahasha ya plastiki. Mji ulikuwa umeanza kutulia, watu wanarudi mmoja mmoja, wanapaka chokaa kuta zilizobaki. Haji Nuri, mfanyabiashara wa mjini, alikuwa amefungua kiwanda kidogo cha samaki karibu na bandari na alitafuta mtu wa kumsaidia mpimaji wake. Mpimaji huyo alikuwa Mwalimu Athmani, mtu wa kisiwa cha Koyama, aliyesomea kazi hiyo kabla sijazaliwa. Nilipoambiwa nitafundishwa na Mbajuni mwenzangu, na kwa lugha ya nyumbani, nilifurahi kama mtu aliyepewa nyumba.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ua wa saruji, vibanda viwili vya mabati na jenereta iliyonguruma kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Bidhaa ilikuwa moja, na mji mzima uliiita samaki wa ndoo: vipande vya nguru na jodari vilivyopikwa nusu, vikalazwa ndani ya siki, chumvi, pilipili na bizari, vikafungwa katika ndoo nyeupe za plastiki. Ndani yake kulitiwa pia unga wa dawa, mweupe, laini, wa kuzuia samaki asioze. Si kitu cha ajabu. Unga huo umo katika soda na achari na sosi za nyanya tunazokula kila siku. Ukitumiwa kama inavyotakiwa, ni kitu kizuri. Nasema hivi mapema kwa sababu kila nikisimulia habari hii mtu hunikata akasema, kumbe walikuwa wakiwalisha watu sumu. Hapana. Sumu ingekuwa afadhali, maana sumu ingewashtua watu siku ya kwanza.

Maabara yetu haikuzidi upana wa vitanda viwili. Kabati la kukuzia bakteria lilikuwa friji iliyokufa, ndani yake Mwalimu ametundika balbu, na joto lake alilipima kwa kipimajoto cha homa. Sahani za vioo tulizichemsha kwa sufuria ya presha juu ya jiko la makaa. Dirisha lilitazama ua wa wakataji samaki, na upande wa pili, nyuma ya ubao wa plaiwudi, ndipo palipokuwa ofisi ya Haji Nuri. Ubao ule haukuzuia hata kikohozi. Nilisikia mambo mengi ya Haji Nuri mwaka ule: akimbembeleza mkewe kwa simu, akisoma Yasini, akimuuliza dereva habari za goti lake. Alikuwa mtu mpole. Hajawahi kunipandishia sauti. Hilo nalo linanikera mpaka leo, kwa sababu watu wanataka mkosaji awe na uso wa mkosaji, na wasipouona wanadhani hakuna kosa.

Mchana nilikula na wakataji. Walikuwa wanawake kumi na wawili, karibu wote wa visiwani, na mkubwa wao alikuwa Maka, mke wa mvuvi wa Chovae, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Tulizunguka sinia moja la wali na samaki mbichi wa siku hiyo, ndizi pembeni, na ndimu iliyopondwa na pilipili. Maka ndiye aliyegawa nyama ya kichwa, na daima alinipa mimi shavu la samaki kwa sababu, alisema, mtu anayetazama vidudu kutwa anahitaji kitu cha kumrudishia hamu ya kula. Hakuna hata mmoja katika wao aliyekula samaki wa ndoo. "Samaki aliyekaa kwenye plastiki na mimi hatujuani," Maka alisema, na wote wakacheka. Siku za Jumatano na Alhamisi alizungumza habari za mwanawe Zuhura tu, wa miaka minne, aliyeachwa Chovae kwa bibi yake, kwa sababu Alhamisi jioni ndipo alipopanda boti kurudi kumwona. Alituigiza Zuhura anavyoswali kwa kuangalia pembeni kama kuna mtu anayemtazama. Nilimjua mtoto yule kwa vituko vyake kabla sijamwona kwa macho.

Mwalimu Athmani alinifundisha vizuri. Lazima niseme hivyo, na kulisema kunanichoma. Mwezi wa kwanza tu alichana boksi, akachora duara nyuma yake, akaniambia duara lile ni seli moja ya bakteria.

"Huu unga peke yake ni mvivu," alisema. "Unahitaji ukali. Kwenye siki ndipo unapopata kupenya ngozi ya seli. Ukishaingia ndani, kule hakuna ukali, basi unajigawa na kumwaga ukali wake wote humo. Sasa bakteria inaanza kuutoa. Inasukuma, inasukuma, mpaka nguvu yote ya kula na kuzaa inaishia kwenye kusukuma. Ikichoka inakufa, au inakaa tu haiongezeki."

"Na ukitia kidogo, Mwalimu?"

"Ukitia kidogo inachoka, haifi. Na ile isiyokufa inajirekebisha. Inakaza ngozi, inaongeza pampu za kutolea uchafu. Halafu inazaa, na watoto wanaendelea hapo mama alipofika. Ubaya wa pampu ni kwamba haichagui. Inayotoa unga huu inaweza kutoa na dawa ya hospitali."

Nilinakili maneno hayo kwenye daftari usiku ule, na sikulala ila nimeyahifadhi. Baadaye, nilipotaka kujidanganya kwamba labda mzee wa watu hakujua, nilikuwa na daftari. Alijua. Mimi mwenyewe nilijua kwa sababu alinifundisha yeye.

Miezi michache ikapita, na siku moja, nikiwa nasafisha sahani, nikamsikia Haji Nuri nyuma ya ubao. "Athmani, watu wa mjini wanalalamika. Samaki mkali, anawakunja uso. Siki ipunguzwe nusu. Na ule unga umebaki magunia mawili, mzigo mwingine haujulikani utaingia lini. Uvutevute mpaka mwisho wa mwaka."

"Ukipunguza siki, Haji, unga haufanyi kazi hata ukitia wote," Mwalimu alisema. "Ukipunguza vyote viwili, ni kama kutia maji."

"Wewe si unapima?"

"Napima."

"Basi pima, uandike kuwa ni salama. Kuuza niachie mimi."

Nikasubiri Mwalimu ajibu. Nilisubiri nikiwa nimeshika sahani yenye povu. Nikasikia kiti kikiburutwa, kisha mlango, kisha Mwalimu akaingia maabara, akaosha mikono, akaniuliza kama maji ya chai yamechemka.

Toka wiki ile sahani zetu zilibadilika. Zamani nilikuwa nikipaka tone la mchuzi wa ndoo juu ya chakula cha bakteria, kile kinachoganda kama halwa nyepesi, naiweka sahani kabatini, na kesho yake naikuta safi au ina doa moja mawili. Sasa niliikuta imejaa madoa ya rangi ya maziwa, yamegusana. Mwalimu aliitazama, akaandika kwenye fomu: hakuna ukuaji. Akafanya hivyo mbele yangu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani.

Nikaanza kufanya jaribio langu. Nilichukua bakteria walionusurika kwenye ndoo, nikawalisha supu yenye unga kidogo sana. Siku mbili baadaye nikawahamisha waliostawi, nikaongeza unga. Nikawahamisha tena, nikaongeza tena. Mwisho wa mwezi walikuwa wakiishi kwenye kipimo ambacho mwanzo kiliwaua wote. Wakati huo huo nilikuwa na vidonge vya karatasi vilivyoloweshwa dawa za hospitali, nilivyokuja navyo kutoka Mombasa. Unakiweka kidonge katikati ya sahani, na kama dawa ina nguvu, bakteria hawasogei karibu. Panabaki duara safi. Kwa bakteria wa ndoo za zamani duara lilikuwa pana. Kwa hawa wapya lilikuwa limebana kama pete ya mtoto, na kwa dawa moja, ile ya maji ya rangi ya waridi wanayopewa watoto, halikuwepo kabisa. Nilipima kwa rula yangu ya shule mara tatu, nikitumaini nimekosea.

Nimesoma zaidi tangu wakati ule. Najua sasa kwamba mambo si mepesi kama nilivyodhani, na kwamba kuna bakteria ambao wakizoea unga ule muda mrefu huacha pampu zao na kuwa wanyonge mbele ya dawa. Ningepewa maabara ya kweli na mwaka wa pili ningeweza kusema kwa uhakika zaidi nini kilitokea ndani ya seli zile. Lakini wale wangu, wa ndoo za Haji Nuri, hawakuwa wanyonge. Niliwaona.

Nilimwonyesha Mwalimu sahani. Akavaa miwani, akaishika moja kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Kwa muda mfupi niliona uso wake umefurahi, furaha ya mwalimu aliyeletewa kazi safi. Kisha ikaondoka.

"Umeifanya vizuri sana," alisema. "Sasa funga daftari, mwanangu."

"Tumwambie Haji."

"Haji anajua. Mimi nimemwambia, nawe ulisikia. Hapa si chuo. Kiwanda kikifungwa, wanawake kumi na wawili wanarudi nyumbani mikono mitupu, na mimi na wewe pia." Akavua miwani. "Ile barua ya chuo ya kukuombea nafasi ya diploma, nimeanza kuiandika. Wanaiheshimu saini yangu kule. Usijiharibie."

Nikafunga daftari. Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Nimejaribu mara nyingi kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, kwamba nilikuwa mdogo, nilikuwa mgeni, nilikuwa mwanamke katika chumba cha wanaume wawili. Yote ni kweli na hakuna hata moja lililofunga daftari. Nililifunga mimi, kwa sababu niliitaka barua. Siku ile ile mchana nilikaa kwenye sinia, Maka akanipa shavu la samaki, nikalila.

Baada ya Idi bahari ilichafuka, boti nyingi zikakaa, na visiwani kitoweo kikawa haba. Haji Nuri akaona nafasi. Akapeleka ndoo Chovae, Koyama na Kudha, akaziuza kwa bei ya chini, na watu walioishi katikati ya samaki umri wao wote wakanunua samaki wa plastiki kutoka mjini. Mama yake Maka, Bi Mize, alinunua nusu ndoo. Alimpa mjukuu wake na wali. Wiki hiyo Maka aliletewa simu kazini kwamba Zuhura anaharisha na ana homa, na kwamba watoto wengine wawili wa jirani wako hivyo hivyo.

Walimleta Kismayo siku ya pili. Ndipo nilipomwona Zuhura kwa mara ya kwanza, amelala mapajani kwa mamake kwenye benchi la zahanati, macho yamezama, na hata hivyo akanitazama kwa pembeni kama Maka alivyokuwa akituigiza. Daktari alikuwa kijana mwema aliyekuwa na vitu vichache. Akampa maji ya chumvi na sukari, akampa dawa ya rangi ya waridi. Niliijua ile chupa. Nikamvuta daktari nje, nikamwambia dawa ile haitamsaidia, atafute nyingine. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema nadhani tu. Nadhani tu! Hata pale, mtoto yuko mlangoni, bado nilikuwa naichunga barua. Akaniambia nyingine aliyonayo ni ya sindano, na anaihifadhi kwa wenye hali mbaya zaidi. Alimchoma siku ya nne, alipokuwa ameshakuwa katika hao wenye hali mbaya zaidi. Siku ya tano, baada ya adhuhuri, Zuhura akafa. Watoto wa jirani walipona. Walikuwa wakubwa zaidi na walikula kidogo.

Nilichukua kitambaa alichochafua mtoto kwa kuharisha, nikakipima peke yangu. Bakteria walikuwa na pete ile ile nyembamba, na wakastawi kwenye unga. Mwalimu alipoziona sahani aliniambia kwamba siwezi kuthibitisha kuwa ni bakteria wale wale, kwamba ingehitajika mashine ambayo haipo nchi nzima. Alisema kweli. Ndiyo namna aliyokuwa nayo yule mtu: alijificha ndani ya mambo ya kweli.

Habari zilienea mjini kwamba samaki wa ndoo wameumiza watoto. Haji Nuri akaitisha mkutano uani. Maka alikuwa amerudi kazini siku hiyo hiyo, siku ya kumi na moja tangu kumzika mwanawe, kwa sababu mumewe boti yake imekaa. Haji Nuri alizungumza kwa sauti yake ya upole. Alisema ameumia sana. Alisema amefanya uchunguzi, na maabara imeona kwamba dawa na siki viko sawasawa, kwa hivyo uchafu umetoka kwenye mikono. Akamwomba Maka asogee mbele. Akamshika kiganja, akakigeuza watu wote waone makovu ya visu na magamba yaliyokauka penye kucha, akasema, bila ya kukasirika, kwamba anasikitika lakini mkubwa wa wakataji ndiye mwenye dhamana ya usafi, na kwamba kuanzia leo hatahitajika tena.

Maka aliutazama mkono wake kama umeokotwa njiani. Kisha akamtazama Mwalimu Athmani, aliyekuwa amesimama kando ya tangi la maji na fomu zake kifuani. Naye akatazama sakafu. Maka akageuka kunitazama mimi. Nami nikatazama sakafu.

Alipokwisha kutoka nilimfuata Mwalimu ndani. "Mikono ile!" nilimwambia. "Unajua wanavyonawa. Wewe mwenyewe uliipima mikono yao mwezi wa kwanza."

"Najua."

"Mwanawe amekufa na sasa anaambiwa amemuua yeye."

"Hakuambiwa hivyo."

"Ameambiwa hivyo, Mwalimu. Kila mtu pale uani amesikia hivyo."

Akakaa. Alionekana mzee ghafla, na kama ningekuwa sina hasira ningemwonea huruma. "Mimi nilishapoteza kazi tatu kwa kusema kweli," alisema. "Nchi hii na ile. Sina nguvu ya kupoteza ya nne. Wewe unaweza kunidharau, una haki."

"Sitaki kukudharau. Nataka uandike fomu."

Akachukua sufuria ya presha, akaanza kuisugua, na ilikuwa safi.

Kesho yake nilitia daftari na sahani nne ndani ya kikapu, nikazifunika kanga, nikapanda boti ya Chovae. Sikumuaga mtu. Nilimkuta Maka nyumbani kwa mama yake, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nyumba ilinukia udi na mafuta ya nazi. Bi Mize aliniletea chai na mkate wa muufo uliotoka jikoni muda ule, na Maka akanisogezea asali, maana mgeni ni mgeni. Nilikisogeza kikapu mbele yangu.

"Mamake Zuhura," nilisema, "samaki wale hawakuharibiwa na mikono yako."

"Hilo nalijua. Mikono yangu naijua."

Nikamweleza yote. Siki, unga, fomu, jaribio, pete. Nikamfunulia sahani, nikamwonyesha. Alisikiliza bila ya kuacha kuchambua; mawe upande huu, mchele upande huu. Nilipomaliza akauliza neno moja.

"Ulijua lini?"

"Shaabani."

Akaacha kuchambua. Akakunja kidole, akakunja cha pili, cha tatu. "Shaabani, Ramadhani, Idi. Mwanangu alikula baada ya Idi."

"Naam."

"Na Shaabani tulikuwa tukila sinia moja."

"Naam."

Bi Mize alianza kulia kwa sauti ya chini. Maka hakulia. Nilitamani anipige, ningejua la kufanya na kipigo. Alisimama, akakung'uta kanga yake, akasema, "Simama. Hayo ulonambia mimi utawambia na wachu wengine. Kama ulivyonambia. Usipunguze kichu."

Kisimani palikuwa na wanawake thelathini hivi, na wanaume kadhaa walioacha nyavu zao wakasogea. Nikasema. Sauti yangu ilikatika mara mbili na mara zote mbili Maka akaniambia niendelee. Nilisema na sehemu yangu, kwamba nilijua tangu Shaabani. Mwanamke mmoja akatema mate chini, mbele ya miguu yangu. Kisha Bi Mize, macho bado mekundu, akauliza swali ambalo hakuna mtu mwenye digrii amewahi kuniuliza vizuri zaidi.

"Na chumvi yetu je? Sisi ng'onda wetu tunawatia chumvi tangu enzi na enzi. Hao vidudu hawajaizoea chumvi?"

"Wapo walioizoea, bibi," nilimjibu. "Lakini nyinyi mnaitia mpaka samaki anakakamaa, halafu mnamwanika juani. Maji yote yanatoka, hakuna pa kuishi. Hamtii kidogo kidogo. Yeye alitia kidogo, ya kuwachosha tu, nao wakajifunza."

"Basi alikuwa akiwafuga," Bi Mize alisema.

Maneno yale yalivuka maji haraka kuliko mimi. Kabla ya wiki kwisha wanawake wa Chovae, Koyama na Kudha walikuwa wameacha kwenda kukata, na waume zao wakakataa kumuuzia Haji Nuri hata mkia. Wenye maduka mjini walizirudisha ndoo, zikapangwa nje ya lango la kiwanda kwenye jua, zikavimba. Haji Nuri alinitumia mtu kuniambia kwamba ananisamehe. Ananisamehe! Kisha akafunga lango, na mwaka uliofuata nikasikia amefungua pengine, ndoo za rangi nyingine. Hakuna aliyemshitaki, nani angemshitaki, na kwa ushahidi gani, sahani nne za mtoto wa juzi dhidi ya fomu zenye saini ya mtaalamu? Mwalimu Athmani alikwenda Mombasa, akapata kazi nzuri, akafundisha vijana wengi, akafa akisifiwa kwa spika. Mimi nilikuja Mombasa pia. Nilianza kwa kuosha vioo katika maabara ya watu, bila ya barua ya mtu yeyote, na ilinichukua miaka mpaka nikaruhusiwa kuvipaka sampuli. Sasa napima sahani za hospitali. Kila wiki naziona pete nyembamba, za watoto nisiowajua, na kila mara naandika ninachokiona, na kila mara naandika nikiwa na hasira. Wenzangu wanasema nina mwandiko wa mtu anayegombana.

Siku ile ya Chovae Maka alinisindikiza mpaka mahali pa boti. Nilipotia mguu majini nilimgeukia, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kisimani, marefu, na hayakutoka yote.

Alinisikiliza mpaka nikanyamaza. "Leo umesema kweli mbele ya wachu," alisema, "na hilo nitalisema popote nitakapoulizwa. Lakini radhi ni kichu kingine. Zuhura angekuwa amejifunza kusoma mwaka huu. Usiniombe leo. Niombe siku nitakapokuwa mzee, nimechoka kukasirika."

Alinishika mkono, akanipandisha botini, akaisukuma boti kwa mikono yake miwili. Huzungumza kwa simu mara moja moja, yeye na mimi. Ananieleza bei ya samaki, namweleza joto la Mombasa. Juzi nilimpigia kumwambia Mwalimu Athmani amefariki. Aliuliza alikufa kwa maradhi gani, na kama alipata shida. Nilipomjibu nilimuuliza yeye, je, ameshachoka?

"Bado," alisema. "Na wewe?"

Nikamwambia bado.